Vya Kushoto Ishirini na Vinne

4 Machi

Wifi yangu mkubwa,

Shikamoo. Natumaini uji umeunywa wote. Nina wapelelezi katika nyumba hiyo, na binti yako ameshaniambia unaacha nusu bakuli kisha unawasingizia sisimizi.

Sisi tulifika salama. Ndugu yako alilala safari nzima, na tuliposhuka akalalamika kwamba amechoka. Tangu nirudi sina raha. Nakuona pale kitini karibu na dirisha, mkono wa kulia umeuweka pajani kama mzigo wa mtu mwingine aliyekuomba umshikie. Wiki nne sasa tangu uanguke kwa kiharusi, na kikapu chako cha nyuzi hujakigusa. Linaniuma sana jambo hilo, bora niliseme.

Sasa nina kazi, na nusu yake ni yako. Nyuma ya duka letu la mikate kuna makao ya wazee. Wako ishirini na wanne, na sakafu yao ni saruji tupu. Msimamizi wao anatafuta viatu vya uzi vya kuvaa ndani. Ana sharti moja: avipate vya wote siku moja au asivipate kabisa. Mwaka jana mtu mwema alileta shuka kumi, na wazee wakanuniana wiki tatu. Anavitaka kabla ya baridi, mwisho wa mwezi wa tano.

Peke yangu siwezi, mkate hausubiri mtu. Nimekata shauri: mimi nitafuma vya kulia, wewe vya kushoto. Kwenye kifurushi kuna mabunda sita ya uzi na sindano mbili za kroshia. Moja nimeizungushia kitambaa inenepe, iwe rahisi kushika. Na kwa kuwa yule dada wa mazoezi hospitalini amekuamuru uandike nusu ukurasa kila siku kwa mkono huohuo, basi niandikie mimi. Ukinipigia simu sipokei.

Mke wenu,
Mwoka mikate


11 Machi

Mke wetu,

Marahaba. Mistari hii imenilia asubuhi nzima. Usiucheke mwandiko.

Viatu vya kufuma havina kushoto wala kulia. Nimefundisha kazi za mikono miaka thelathini na mmoja, najua ninachosema. Unanipa donge la unga nichezee huku wewe ukikanda mkate wa kweli. Mkono umelala. Jana nilifunga kifungo kimoja cha blauzi, nikahitaji kupumzika.

Uzi ni mzuri. Tafuta mtu mwingine.

Wifi yako,
Mwalimu


15 Machi

Wifi yangu,

Shikamoo. Vitakuwa na kushoto na kulia, utake usitake. Msimamizi anataka kamba ya kuvuka juu ya mguu, na kifungo kikae upande wa nje, kwa sababu wazee wengi wakiinama hawafikii upande wa ndani. Haya, Mwalimu, nieleze wewe jinsi kifungo cha nje cha mguu mmoja kitakavyokuwa cha nje cha mguu wa pili.

Tena kuna Mzee wa Redio. Wanamwita hivyo kwa kuwa redio yake haimtoki mkononi, hata akioga anaiweka dirishani. Ana mguu mmoja, wa kushoto. Kwa hiyo vya kulia ni ishirini na vitatu, vya kushoto ni ishirini na vinne. Ukidhani nakuhurumia, hesabu tena. Nimempa mgonjwa kazi kubwa kuliko yangu.

Wifi, mwezi wa kwanza nilipoolewa nilikuletea kitambaa cha meza nilichokifuma mwenyewe, nikasimama mbele yako nikitabasamu. Ulikigeuza, ukakigeuza tena, ukasema neno moja: Fumua. Nilifumua mara nne. Nililia chooni, na mama mkwe alinisikia. Basi zamu yangu imefika. Nifumie kimoja tu, na kikiwa kibaya nitakuambia hivyohivyo bila haya.

Mke wenu


27 Machi

Mke wetu,

Marahaba. Kilichomo kwenye bahasha usikiite kiatu. Nilikiacha mezani, binti yangu akadhani ni kitambaa cha kushikia sufuria, akaiepua nacho sufuria ya mchuzi. Ndilo hilo doa.

Nimekifumua mara saba. Sindano naishika kwa mkono wa kulia, na uzi nausukuma kwa wa kushoto mpaka unase. Ukinasa, sindano inaanguka. Nikiiokota, nimesahau hesabu. Nahesabu vitanzi kwa sauti, na huyu mtoto wangu akipita anataja namba zake za ovyo ili anichanganye, kisha anacheka peke yake jikoni. Nilipofika safu ya tatu nililia kidogo. Usimwambie ndugu yangu.

Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, kwa hiyo nitaendelea. Lakini ujue umenitia wapi. Nikishindwa, watu ishirini na wanne watakanyaga saruji baridi yote kwa sababu ya mkono wangu. Kama nitashindwa hata hili, nitagawa kikapu na nyuzi zake zote, na usinitajie tena kufuma mpaka nife. Nimesema.

Mwalimu


2 Aprili

Dada Msimamizi,

Salaam. Kifurushi hiki nimempa yule mama wa zamu ya jikoni anayekuja kuchukua mikate, na nimemkataza kukifungua. Ndani mna viatu vitano, vyote vya kushoto. Nakuomba uvifungie kabatini na usimwonyeshe mtu.

Wifi yangu ameanza kufuma vya kwake. Cha kwanza nimekiona. Nilikishika nikakaa juu ya gunia la ngano, nikacheka, halafu nikalia. Mwanamke huyu alikuwa anafuma huku anasoma gazeti. Sasa kiatu kimoja kinamchukua wiki mbili, na ishirini na vinne vikimshinda, ameapa hatagusa uzi tena. Namjua, kiapo chake hakivunjiki.

Kwa hiyo nafuma vya kulia, na kwa siri nafuma vya kushoto pia, vyote. Unga ukiwa unaumuka nafuma, mkate ukiwa ndani nafuma. Ikifika siku na vyake havijatimia, tutachanganya na vyangu, tutamwambia wazee walikuwa pungufu, au wengine waligawiwa kwingine, tutaona. Akimaliza mwenyewe, hivi vyangu visitoke kabatini kamwe.

Mwoka mikate


6 Aprili

Dada Mwoka mikate,

Salaam. Vimefika, nimevifungia. Ufunguo wa kabati ni mmoja na unakaa shingoni mwangu.

Ila nikuonye mapema. Mimi siri naweza kuitunza, uongo siwezi. Mtu akiniuliza jambo usoni naropoka, ndiyo maana hata mume wangu haniambii anachoninunulia. Kama wifi yako hataniuliza, sisi tumepona.

Mkate wa jana ulikuwa na chumvi nyingi. Nadhani ulikuwa unafuma.

Msimamizi wa makao


24 Aprili

Mke wetu,

Marahaba, na leo soma kwa kukaa, maana barua ni ndefu. Nimemaliza vinane. Cha nane kimenichukua siku mbili tu, na sindano imeanguka mara tatu, sawa na mwanafunzi wa kawaida. Dada wa mazoezi alikiomba, akakipitisha benchi zima wagonjwa wakione. Kuna baba mmoja dereva, naye mkono wake ni kama wangu, alikigeuzageuza akasema, hivi na mimi naweza? Nikamwambia lete mkono. Sasa anajua mnyororo, ile safu ya kwanza ya vitanzi. Ni mbaya, ila ni mnyororo.

Tuje kwako. Ulinitumia kile cha kulia niwe nakipimia urefu. Kifungo umekishona kwa haraka, kitatoka baada ya kufuliwa mara mbili. Fumua ukishone upya. Halafu mbona unabana uzi hivyo? Kiatu kigumu, hata kidole changu hakipiti kati ya vitanzi. Wewe unabana unapokuwa na wasiwasi, tangu ubibi harusi wako. Mwaka ule ndugu yangu alipokosa kazi ulifuma shali ikasimama wima yenyewe. Una nini? Niambie kabla sijamwuliza mumeo.

Wifi yako,
Mwalimu


29 Aprili

Wifi yangu,

Shikamoo. Sina kitu, Mwalimu, usinichunguze. Tanuri moja limeharibika, fundi anakuja leo kesho, leo kesho, na mimi nimebaki na tanuri moja na wateja wale wale. Ndiyo hayo tu. Kifungo nimekishona upya.

Vinane, wifi. Nimemsomea ndugu yako barua yako akiwa ananyoa, akajikata kidevu kwa furaha.

Mke wenu


26 Mei

Mke wetu,

Vimetimia.

Nakuandikia nikiwa nimevipanga kitandani, vyote ishirini na vinne, vifungo vimeangalia upande mmoja kama watoto kwenye mstari wa asubuhi. Havifanani. Vitano vya mwanzo ni vilegevu, mtu akitembea haraka vitabaki nyuma. Cha kumi na nne kina kovu, nilikikanyaga. Kuanzia cha kumi na saba, mke wetu, nakuambia bila kujisifu, ungeweza kuvionyesha darasani. Cha mwisho nilikifuma bila kile kitambaa chako kwenye sindano. Nilikivua asubuhi, nikakitupa, binti yangu akakiokota akakitia mfukoni hana hata sababu.

Bandu bandu huisha gogo. Niliwaambia watoto wa watu methali hiyo miaka thelathini na mmoja, na sikuwahi kuhisi uzito wake kiunoni na mabegani kama sasa.

Binti yangu anavileta mwenyewe kesho. Mzee wa Redio apewe cha ishirini na nne, nimekifungia uzi mwekundu ujue. Ni kwa ajili ya mguu mmoja, kwa hiyo lazima kiwe kizuri mara mbili.

Nimefurahi. Sijui niliseme vipi zaidi ya hivyo. Leo nilikunywa uji wote, na mwingine nikaomba.

Wifi yako anayekupenda,
Mwalimu


9 Juni

Mheshimiwa Mwalimu,

Salaam kutoka makao. Nimechelewa kushukuru kwa sababu baridi imeanza, kazi zimekuwa nyingi. Lakini wazee wamenikalia shingoni: umeandika, umeandika? Basi naandika.

Siku ya kugawa hakuna aliyenuna. Wawili waliogombana tangu mwaka wa shuka walifungiana vifungo. Bibi mmoja alikataa kuvivaa akisema ni vizuri mno kwa sakafu, akalala navyo kifuani, na asubuhi tukamkuta amevivaa. Sasa korido yetu iko kimya. Zamani nilimsikia kila mtu anakokwenda, leo wananitokea nyuma kama paka.

Mzee wa Redio anakusalimu kuliko wote. Alikuja kwangu akasema, Msimamizi, kiatu kikifuliwa mimi nakaa mguu mtupu, wenzangu wakifua kimoja wanacho kingine. Nikaona ana haki. Kwa hiyo yeye anavyo viwili vya kushoto, anabadilisha. Anasema chenye uzi mwekundu ni laini kama shavu, na kile kingine kimebana kidogo ila kina joto. Amewashukuru wote wawili.

Mungu aubariki mkono wako.

Msimamizi wa makao


12 Juni

Mke wetu,

Nilifuma ishirini na vinne. Wazee ni ishirini na wanne. Mzee wa Redio ana viwili.

Nimemwandikia Msimamizi swali moja, na jibu lake limefika leo, kurasa mbili. Naona mwanamke huyo hajui kufupisha. Kwa hiyo najua kabati, najua ufunguo, najua gunia la ngano ulilokalia ukilia. Njia ya mwongo ni fupi, na yako imeishia mguuni pa mtu mwenye mguu mmoja.

Nilipokuwa nakesha na vitanzi vyangu, wewe ulikuwa na vya kwako tayari. Nilipokuandikia kwamba vimetimia, ulikuwa umeshamaliza kabla yangu. Ulicheka? Tanuri lako liliharibika kweli?

Mimi si mtoto. Nilidhani kuna mtu mmoja ambaye bado ananihesabu kuwa mtu wa kazi.

Mwalimu


16 Juni

Wifi yangu,

Shikamoo, hata kama hutaiitikia.

Tanuri halikuharibika. Sikucheka. Hayo mawili nayamaliza kwanza.

Siku ulipoanguka mimi ndiye niliyekuwa nakuletea chai. Nilisimama mlangoni na sinia, nikaona mdomo wako umeenda upande, na sikujua la kufanya hata moja. Nilishika sinia, wifi. Binti yako ndiye aliyekuinua, na mimi nimeshika sinia. Tangu siku hiyo nina hofu ambayo haikai. Mkono ukiwa na hofu unataka kazi, na kazi niliyoijua ni ile uliyonifundisha wewe. Kila kiatu cha kushoto nilichofuma, nilisema moyoni, hiki hakitahitajika. Nilipofika ishirini na vinne nilikuwa nimekusema vibaya mara ishirini na nne, maana kama ningekuamini nisingevifuma. Hilo ni kosa langu na nalikiri.

Nikikukosa wewe, nani mwingine ataniambia fumua? Ndugu yako huniambia kila kitu ni kizuri. Naomba radhi. Nimeandika barua hii mara tano na hii ndiyo niliyoiacha ilivyo.

Mke wenu


30 Juni

Mke wetu,

Marahaba.

Wiki ya kwanza nilikasirika kwelikweli. Nilikasirika nimekaa, kisha nikakasirika nimesimama, kisha nikawa natembea huku na huku nikikusema, mpaka binti yangu akaniambia, mama, umezunguka chumba kizima na mkongojo uko kitandani. Nilikuwa bado nimenuna. Lakini nilisikia.

Wiki ya pili nikafikiri. Kile cha kumi na nne, chenye kovu, nilikuambia nilikikanyaga. Ukweli nilikitupa uvunguni nikasema basi, imetosha, nikakaa siku mbili naangalia dirisha. Nilikifuata kwa magoti kwa sababu nilijua mzee fulani atakanyaga saruji, na duniani hapakuwa na mtu mwingine wa kumfumia. Ndivyo nilivyoamini. Ningejua kabatini kuna akiba, ningekiacha uvunguni, na mkono ningeuacha pajani. Kwa hiyo uongo wako umenifaa, na bado ni uongo. Yabebe yote mawili.

Na lile la sinia, lisahau. Chai haikumwagika hata tone, binti yangu ni shahidi. Nimelicheka mpaka mbavu zikauma, na nikicheka mdomo unakaa sawa.

Sasa sikiliza. Vile vya kushoto ishirini na vitatu vilivyobaki nimeviagiza kwa Msimamizi, na amenitumia. Nimevikagua kimoja kimoja. Vimebana, ila ni kazi safi, na vifungo havitatoka. Ni kazi safi, mke wetu. Nadhani sijawahi kukuambia, nimeona niliandike.

Kasoro yao ni kwamba havina wenzao. Kule chumba cha mazoezi tunavua viatu, na sakafu ni vigae. Wagonjwa wanakaa benchini wamekunja vidole vya miguu kwa baridi, na dada wa mazoezi anawaambia nyoosheni, nyoosheni. Juzi niliwahesabu. Ishirini na wawili, na mimi ni wa ishirini na tatu.

Vya kulia nafuma mimi. Nimeshamaliza tisa, maana sasa kimoja kinanichukua siku moja. Jozi ya kwanza nimevaa mwenyewe, na sasa ninapoandika miguu yote miwili ina joto: wa kushoto umeushika wewe, wa kulia nimeushika mimi. Yule baba dereva amevaa ya pili. Alitaka kulia, tukamtania, akaghairi.

Vimebaki kumi na vinne. Wewe usifume hata kimoja. Usiweke akiba jikoni, wala kwa jirani, wala kwa yule mwanamke mwenye ufunguo shingoni. Oka mikate yako, upunguze chumvi. Safari hii kaa tu, uniamini.

Wifi yako,
Mwalimu